Simu Ndani ya Unga

Ndiyo, ililia. Na ililia ndani ya unga.

Juma zima mumenivuta kitenge kule Jabe: "Bibi, ile simu ilikuwa wapi? Chini ya kitanda? Mu mufuko ya muchungaji?" Nikawaambia mungoje, maharagwe hayaivi kwa kukodolewa macho. Leo yameiva. Leteni sahani.

Kaltum alibonyeza namba ya lile tangazo, akabana simu yake sikioni. Jikoni kwa Consolée palikuwa kimya. Halafu, ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, kitu kikaanza kuimba.

Consolée akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, kama mutu anayetaka kufunika muziki kwa kifua chake.

"Ni panya," akasema.

"Panya yako inajua wimbo ya Noeli?" Kaltum akamuuliza.

Léoncie alipiga magoti, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa simu nyeupe kama maiti, inaimba Bwana amezaliwa, na mwezi wenyewe ni wa tano.

Wewe unayesomaga gazeti la jirani juu ya bega lake, ngoja nikuweke sawa kabla hajafungua ukurasa. Léoncie ni yule muuza vitenge wa Jabe, mutoto wa Uvira, vita vilimvusha mpaka akiwa na nguo moja na ufunguo wa nyumba yao. Ufunguo huo anauvaa shingoni kwa kamba, chini ya blauzi, na akiwa na wasiwasi anaushika kwa juu ya nguo kama wengine wanavyoshika rozari. Jumamosi hii anaolewa na Marcellin, mulinzi wa dépôt moja, ghala la bidhaa, kule quartier industriel penye viwanda. Au tuseme alikuwa anaolewa.

Maana Zayd, mwenye cyber, lile duka la internet, alimwita aje ajione. Na kweli alijiona. Kwenye kioo cha mashini, katikati ya dawa ya kupunguza tumbo na kisanduku kinachowakawaka kusema umeshinda gari, alikuwa yeye Léoncie, na kitenge cha uchumba, anacheka. Chini yake pameandikwa: Gaëlle, musichana mupole, anatafuta mwanaume mwenye moyo. Na namba ya simu.

Soko lote lilikwenda kutazama. Zayd alipata wateja kuliko siku ya mpira. Nusu ya Jabe ikasema ni uchawi. Nusu ingine ikasema apana, mashini haimujui Léoncie, haina wivu naye, sasa itamusingizia kwa nini? Kama imeandika, ni kweli. Na kuna mama mmoja alitaka tu kujua ile dawa ya tumbo inauzwa wapi.

Fortunat, baba mudogo wa Marcellin, yule anayesomaga masomo kanisani kwa sauti ya askofu, akasimama mbele ya watu wote. "Nyumba yetu inaoa mwanamuke," akasema. "Haioi réclame, tangazo la biashara." Mpaka Léoncie aonyeshe ni nani mwenye ile namba, hakuna harusi.

Na Marcellin? Marcellin alikuwa amepanda kwenda Ngozi kutafuta maharagwe ya karamu, pamoja na dada yake Lisette, yule mwenye pengo mbele, aliyekuja kumpima Léoncie gauni.

Basi Léoncie akakimbilia kwa nani? Kwa Consolée, hapa Kanyosha, akalie kifuani kwake. Consolée ndiye marraine, mama wa kumsimamia harusini. Walivuka pamoja kutoka Uvira, wakalala chini ya shitingi moja ya plastiki, wakagawana sabuni moja kwa uzi. Kaltum, anayeuza yuniti za simu pale sokoni, akamsindikiza na simu yake. Njiani akasema: tuibipe tu ile namba, tuone nani atatoa sauti.

Sauti mumeisikia.

"Haiko yangu," Consolée akasema.

"Iko mu unga yako," akasema Kaltum.

"Walinipa niichunge tu."

"Nani alikupa?" Léoncie akauliza. Aliuliza polepole, huku anaifuta simu kwa pindo la kitenge, kitufe kwa kitufe, kama anayemfuta mutoto makamasi. Mimi ningekuwa nimeshapiga kofi. Lakini Léoncie ana adabu, na adabu ndiyo iliyomponza tangu sura ya kwanza.

Consolée akatazama mlango. Kaltum alikuwa ameujaza mlango. Kaltum ni mwanamke wa kujaza.

"Marcellin," Consolée akasema.

Huko juu kwenye vilima milio ya bunduki ikasikika, ta-ta-ta, mbali. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa na vita vyao.

"Marcellin gani?" akauliza Léoncie.

"Léoncie, dada yangu..."

"Usiniite dada. Marcellin gani?"

"Wako."

Ndipo maneno yakamtoka Consolée kama maji ya bomba lililofungwa mwezi mzima. Marcellin alisema vita haviishi. Alisema kwenye internet Wazungu wanatafutaka wanawake usiku na mchana, na wakipenda picha wanatuma karatasi za kusafiri. Picha ya uchumba ilikuwa imepigwa vizuri, akaipeleka kule cyber, akaitia ndani. Muzungu mmoja wa Buruseli akaingia kwenye ndoano. Marcellin atapata karatasi, atatangulia, halafu atamwita mtu wake.

"Mutu yake ni nani?" Kaltum akauliza.

Consolée akainamisha kichwa.

"Yarabi!" akasema Kaltum. "Marraine!"

"Miezi mingapi?" Léoncie akauliza.

"Usiniulize miezi."

"Ulinishika mukono siku ya uchumba. Ulinifuta jasho. Sasa kwa nini uso yangu? Kama bwana ni wako, kwa nini hamukutia uso yako?"

Hapo Consolée akalia machozi ya kweli. "Alisema uso yangu haiuzi."

Kaltum alifungua mdomo kucheka, akaufunga. Kuna vitu hata Kaltum anaviacha vipite.

Kumbe mwanamke mmoja aliibiwa uso, mwingine akaambiwa uso wake hauna soko, na mwanaume ni mmoja. Halafu munasema teknolojia imeleta mambo mapya! Mashini ni mpya. Hii ingine tuliikuta.

Na simu ikalia.

Mkononi mwa Léoncie, na unga wake: Bwana ameza... Ikakatika.

"Usishike!" Consolée akaruka. "Ni Muzungu! Marcellin alinikataza. Akisikia sauti atajua haiko Gaëlle."

"Muzungu wa Buruseli?"

"Ndiyo. Anafanyaka vile kila siku. Inalia kidogo, anakata."

Kaltum alikuwa anatafuna karanga. Akaacha kutafuna.

"Anafanyaka nini?"

"Anakata."

"Consolée. Sema pole pole, mi ni mutu muzee. Muzungu... anabipa?"

Hata unga ulikuwa unasikiliza.

Bip munaijua. Bip ni salamu ya asiye na yuniti: unapiga, inalia, unakata kabla mwenzako hajashika, naye akuonee huruma akupigie. Na ukiwa mushamba ukaishika, umemula mwenzako yuniti zake, munaweza kuachana.

"Mi nauza yuniti tangu simu zifike Jabe," Kaltum akasema. "Nimebipwa na askari. Nimebipwa na padri, Mungu amusamehe. Nimebipwa na bibi harusi akiwa mu kanisa, pete haijaingia. Muzungu hajawahi kunibipa. Muzungu anapiga, anauliza mvua imenyesha ao apana, anasahau kukata. Muzungu habipi! Nani aliwaambia hii namba ni ya Ulaya?"

"Si iko na musalaba mbele," akasema Consolée. "Ile musalaba kidogo. Marcellin alisema musalaba ni Ulaya."

"Musalaba!" Kaltum akajipiga paja. "Ni ile ya kujumlisha! Hata Kigoma iko na musalaba! Hata shetani akipiga kutoka Uvira anakuja na musalaba! Huyu ni wa kwetu. Mutu wa kwetu, mahali mbali, na hana yuniti."

Léoncie akashika kifua, pale penye ufunguo.

Mutu wa kwetu, mbali, anabipa kila siku namba iliyo chini ya uso wake. Alikuwa naye mmoja tu duniani, kaka yake Patrick. Siku ile ya mbio, Uvira, Patrick alimwambia: funga mlango, mi natangulia na mama. Alipofunga na kugeuka, barabara ilikuwa imejaa watu na hakuna aliye wake. Alishamusomeshea misa ya marehemu. Misa nzuri, na kwaya.

"Ibipe," Léoncie akamwambia Kaltum. Sauti ilikuwa haifanani na yake.

Simu ya Marcellin ilikuwa na yuniti za kubip tu. Kaltum akabonyeza, ikalia kule ilikolia, akakata.

Wakangoja. Consolée akaanza kusema jambo, Kaltum akamnyooshea karanga moja kama bastola. Akanyamaza.

Bwana amezaliwa, simu ikaimba.

"Usishike," Kaltum akanong'ona. "Labda ni bip."

Wimbo ukafika kwa malaika. Haukukatika. Ukafika kwa wachungaji na kondoo zao.

"Haiko bip! Shika! Shika, we mutoto!"

Léoncie akashika. Kaltum akakandamiza kile kitufe cha kupaza, wote wakasikia: honi, watu, redio ya mutu, na sauti ya mwanaume aliyekunywa maji ya Tanganyika ng'ambo ile akiwa mdogo.

"Alo! Nani ananibipa na hii namba? Walisema simu yake ilishaibiwa, nimeibipa tu nione mwizi ni nani."

Sauti ilikuwa imekuwa nene. Lakini ilikuwa yeye. Yule anayesema alo kama anagombana na mlango.

"Patrick?"

"Nani anaita jina yangu?"

"Patrick, ni mi. Ni Ndagala."

Jina hilo, la wale dagaa wa ziwani, alipewa na kaka yake kwa sababu alizaliwa mwembamba, macho tu. Hakuna wa Jabe aliyelijua. Kaltum akafunika mdomo. Misa ya marehemu na kwaya yake yote, na marehemu yuko hewani!

Ingekuwa hadithi ya mtu mwingine, hapa wangelia wote, tuende nyumbani.

"Usicheze na mi," akasema Patrick. "Ndagala iko hapa mbele yangu. Anakunywa fanta."

Munasoma sawasawa. Rudieni.

"Nani?" Léoncie akasema.

"Dada yangu. Ameshuka asubuhi na basi ya Kampala, yeye na bwana yake. Tuko Nairobi, ku bureau ya wakimbizi, kesho apana, leo, saa hii wanatuita. Dossier yangu, zile karatasi za kusafiri, iko na nafasi ya dada moja. Moja! Miaka nimetafuta. Nimeona picha yake mu cyber huku, nikaandika, bwana yake akajibu, akasema ni michezo ya warafiki, Ndagala iko muzima. Na alinionya: kuna mwanamuke muuza vitenge, aliiba simu, atajifanya yeye. Kumbe ni we."

Sasa munaona tundu lilivyo refu. Marcellin hakumpata Muzungu yeyote. Alimpata kaka. Akalijua hilo tangu barua ya kwanza, na kila jioni alikaa mezani kwa Léoncie, akala bugali yake, akamsikia anamuombea Patrick pumziko la milele, na akaitikia amina.

"Ule bwana ni Marcellin?" Léoncie akauliza.

"Unamujua, si uliwaibia."

"Na ule mwanamuke. Iko na pengo mbele, juu?"

Kule Nairobi kiti kikalia, mutu anageuka. "Iko nayo. Nilijisemea ni vita vilimuvunja jino."

"Lisette!" Consolée akapiga kelele. "Dada yake!"

"Dada yake kama mi ni dada ya papa wa Roma," akasema Kaltum.

Consolée akakaa. Alikaa bila kutazama, akakaa ndani ya ndoo ya unga. Yeye aliyechunga simu, akakohoa, akadanganya kwa panya, akingoja kuitwa Ulaya, kumbe alikuwa ameachiwa ndoo. Sikumuombea mabaya. Lakini siwezi kusema nilikataa yalipokuja.

"Patrick, nisikie," Léoncie akasema haraka. "Niulize kitu. Kitu yoyote."

"Kadi yangu inakwisha. Simu yenye nilimutumia Ndagala na dereva wa basi, ni rangi gani?"

"Simu gani? Hujanitu..."

Alikuwa na simu moja tu maishani. Ile ya siku ya mahari. Marcellin alipiga goti moja mbele ya wazee, akaitoa, akasema nimejinyima mwaka mzima. Jabe nzima ilikuja kuishika. Wasichana walilia kwa wivu.

"Ya bluu," akasema. Ilimtoka kama mfupa kooni. "Inafunguka kama kitabu."

"Ndiyo hiyo. Ndiyo iliibiwa."

Ukweli ukawa shahidi wa uongo! Kila alichojua kilikuwa kinamfanya mwizi zaidi.

"Basi ufunguo," akasema. "Ufunguo ya nyumba ya mama. Muulize ule anakunywa fanta: ufunguo iko wapi? Mi niko nayo hapa, ku shingo. Haijatoka tangu siku ile. Muulize, Patrick!"

Wakamsikia Patrick anaweka simu mbali, anauliza. Wakasikia sauti ya Marcellin, tamu, ile ile ya amina: "Muonyeshe, mupenzi."

Na kitu cha chuma kikagonga meza. Kling.

Patrick aliporudi hewani alikuwa analia, na hasira ndani. "Ndiyo yenyewe. Iko na alama ya nyundo ya baba. Mwanamuke, usinibipe tena. Muogope Mungu."

Akakata.

Léoncie akatia mkono ndani ya blauzi, akavuta kamba. Kaltum akasogea. Hata Consolée akanyosha shingo kutoka kwenye ndoo.

Ulikuwa ufunguo, ndiyo. Mudogo, mpya, wa kufuli, na uzi mwekundu umefungwa kichwani. Ule Marcellin alizoea kuuzungusha kidoleni jioni akitoka dépôt. Uzito ni ule ule. Kwa juu ya nguo, kidole hakijui tofauti.

"Alinivua," akasema. "Lisette. Siku ya kunipima gauni. Alisema kamba inaharibu kipimo."

Alikuwa amemueleza habari ya ufunguo ule mutu mmoja tu, siku ya uchumba, kwa sababu mutu hafichi kitu kwa mume wake.

Hakulia. Nilitaka alie, ingetupa nafasi ya kupumua. Alisimama tu, jina lake liko Nairobi linakunywa fanta, uso wake uko kwa Zayd karibu na dawa ya tumbo, na mkononi ana ufunguo usio wake.

"Twende," Kaltum akasema. "Barabara itafungwa, askari hawa hawana masikio. Twende, mutoto."

Na simu ikalia. Mara moja. Ikakatika.

Wakatazamana watatu.

Ilikuwa namba ya musalaba.

"Alinikataza," Léoncie akasema. "Alisema nisimubipe tena."

"Aliku-ka-ta-za," akasema Kaltum, na meno yote nje. "Lakini sasa anakubipa ni yeye. Mutu mwenye amekuchukia hakubipi, weye! Bip ni mutu anasema: niko huku, mi siwezi kusema, piga we. Kuna kitu ameona! Wale wako karibu naye, anaogopa. Mupigie!"

"Na yuniti?"

Kaltum akageuza mkoba wake juu ya jiko. Zikaanguka karanga, tasbihi, kitana, kadi zilizokwisha kukwaruzwa, kadi, kadi, na chini kabisa moja iliyofunikwa bado rangi ya fedha.

"Hii nilimuwekea mukubwa mumoja wa jeshi," akasema. "Mungu ni mukubwa zaidi. Kwaruza!"

Léoncie hakutafuta kucha. Alishika ule ufunguo wa uzi mwekundu, ufunguo wa Marcellin, akaukwaruza juu ya kadi. Rangi ikatoka. Namba ya kwanza ikaonekana. Ikafuata ingine. Kule Nairobi, labda wakati huo huo, mutu anafungua mlango wa bureau na kuita, Léoncie aingie, na mwenye pengo anaweka chupa chini.

Kaltum anabonyeza, Léoncie anasoma, anakwaruza, anasoma. Zilibaki chache.

Mlango ukagongwa.

Haikuwa hodi ya askari, wale hawagongi hivyo. Iligongwa kwa adabu, kwa vidole, kama mtu wa kanisa.

"Consolée, binti yangu," ikasema sauti ya askofu, sauti ya masomo ya Jumapili, sauti ya nyumba-yetu-haioi-réclame. Fortunat mwenyewe. "Fungua upesi. Marcellin ameniachia kitu mu unga."